Jina Chini ya Mdomo wa Shikulu

Jumatano, 1 Agosti 1956
Leo wamemhamisha Shikulu! Yule mamba wa jiwe, babu wa mji, aliyelala ufukweni tangu zamani. Nani alimchonga – hakuna ajuaye. Kwetu Kilwa, si ile ya baharini, hii ya ng'ambo ya ziwa, ukisema unakwenda Nchelenge watu wanajibu: aa, kwa Mamba. Sasa ofisi ya serikali inamtaka mbele ya soko jipya, wageni wamwone. Wanaume kumi na wawili, kamba na magogo. Rodwell, mume wangu, ndiye fundi aliyejenga kitako cha saruji. Nilijivuna, sisemi uongo! Saruji ikiwa mbichi akanipa msumari. "Dorica, andika jina yangu. Fundi anaachaka jina." Yeye kusoma hajui. Nikaandika chini ya mdomo kabisa, kwa herufi nzuri za masista.

Ijumaa, 3 Agosti
Mama mkwe alinipeleka sokoni nimsomee maandishi. Niliposoma alikaa chini palepale, kwenye vumbi. Kumbe wavuvi wa hapa hawatajani majina mbele ya Shikulu! Hata ndugu wa tumbo moja wanaitana "wewe" mpaka mtumbwi utoke. Jina likitajwa pale, Shikulu amepewa mtu. Na mimi nimeliandika! Mbona hakuna aliyeniambia? Miaka miwili ya ndoa, bado mgeni. Rodwell amecheka. Eti hayo ni ya wavuvi, yeye anavua matofali.

Jumapili, 5 Agosti
Nimepita pale baada ya ibada. Mvua hakuna tangu Aprili, saruji yote imekauka ikawa nyeupe. Jina limelowa. Jina tu. Nililifuta kwa kitambaa changu cha kichwa, nikangoja. Maji yakarudi – herufi moja, halafu ya pili, polepole, kama mtu anayejifunza kusoma.
Kitambaa kinanuka samaki. Naogopa.

Jumatatu, 6 Agosti
Keshokutwa Rodwell anakwenda kisiwani Isokwe kutengeneza ukuta wa shule. Kwa mtumbwi, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nimemwomba asiende, nimelia mpaka nikaona aibu. "Dorica, masista banakufundisha kuogopa jiwe?" Limeniuma hilo.

Jumanne, 7 Agosti
Nimechukua patasi yake, nikaenda kulichimba jina. Watu wa soko walitazama. Hakuna aliyenikataza, hakuna aliyenisaidia. Ngumu! Nimetoa herufi tatu za mwisho na ngozi ya vidole vyangu. Mama mkwe akaja, akanishika mkono.
"Acha, mutoto wangu. Jina haifutike. Inabadilishwaka tu."
Nikamuuliza kwa jina la nani. Akatazama ziwa.

Jumatano, 8 Agosti
Rodwell ameondoka asubuhi. Alinipungia kofia, mjinga wangu yule. Nampenda.

Saa sita mama mkwe alikuja na beseni la saruji, ameikoroga mwenyewe. Akaipaka juu ya jina la mwanawe, akailainisha kwa kiganja. Kisha akanipa msumari. "Mimi nimezeeka. Andika jina yangu: Mwaka."
Mama aliyenipokea na kibegi kimoja, akanipa kitanda chake! Tangu niolewe sijawahi kulitamka jina la mkwe wangu, ni mwiko, leo nilitoe?
Nikaandika.
"Umeandika yangu?"
Ndiyo, mama, nikasema. Yeye naye kusoma hajui. Mungu anisamehe.

Saa tisa. Nimekaa mbele ya kitako, daftari magotini. Upepo wa Agosti umeamka na ziwa limechafuka. Mama mkwe yuko ufukweni na wanawake. Wanapiga kelele – mtumbwi wa Isokwe umeonekana, unapanda, unapotea, unapanda tena. Unakuja! Nadhani unakuja.

Jua limeshaikausha saruji, imekuwa nyeupe. Nanusa samaki.
D imelowa.
Sasa O