Siti ya Mama Mkwe Imechimbiwa Kilabuni

Mpendwa mshauri, Shangazi Odeta, shikamoo. Naomba msaada, na jina langu nimeliandika chini bila kulificha kwa sababu hata nikilificha, huku Bugarama watanitambua kwa gari, maana gari la aina hii kijijini kwetu ni moja, na sasa hivi halina siti za nyuma, na hizo siti ndizo zimenifanya nijipikie mwenyewe wiki ya pili hii huku nina mke.

Shangazi, mimi ni mkulima wa ndizi na maharage, na mwaka jana nilipata Prado kuukuu lakini zima, nikawa nabeba mikungu kupeleka gulio la Nyakahura, ila kila safari ilikuwa inaingia mikungu kumi na mbili tu na mingine inabaki nyumbani inaiva mpaka inaoza, roho inaniuma, basi siku moja nikachukua spana nikafungua bolti zote, nikatoa siti za katikati na zile za nyuma kabisa, nikatandika turubai, na siku hiyohiyo ikaingia mikungu thelathini na magunia mawili ya maharage na mlango ukafunga. Nilifurahi mpaka nikapiga honi peke yangu.

Sasa siti zikakosa pa kukaa, mke wangu Priscila akakataa zisiwekwe sebuleni, akaniambia, "Baba Happy, rudisha hizo siti mahali pake, hilo gari ni la watu pia," mimi nikamcheka, nikazipeleka kwa rafiki yangu Frednand mwenye kilabu cha pombe ya ndizi ili anitunzie tu, na Priscila nikamdanganya kuwa ziko kwa fundi zinashonwa vitambaa. Kumbe Frednand akachimba chini, akazisimika na kumwaga zege miguuni ili wateja wasizihamishehamishe.

Ikafika komunyo ya kwanza ya binti yetu Happy, na Jumamosi ya kuamkia siku hiyo, Priscila akiwa nyumbani anaandaa mapishi, nikatoka gulioni nikapitia palepale Nyakahura kwa mama mkwe wangu, Mama Scholastika, nimlete kwenye sherehe. Hapo ndipo nilipotoka jasho. Kwa desturi yetu, kwao na kwetu, mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwe wake wa kiume, hata kutazamana tunakwepa, kwa hiyo siku zote alikuwa anakaa siti ya katikati nyuma ya mgongo wangu, na mimi nakigeuza kioo kiangalie juu nisimwone, tunasalimiana na kupeana habari hivyohivyo mpaka tunafika. Siku hiyo nyuma kulikuwa na turubai na mikungu mitano iliyokosa mnunuzi. Nikamwambia huku nimeangalia chini, "Mama, leo kaa tu hapa mbele." Akasema, "Hapana mwanangu, hapo si mahali pangu," akapanda nyuma, akakaa juu ya magunia matupu, akakumbatia mkungu mmoja ili usimwangukie, na kila kona nasikia ndizi zinaviringika naye anasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Tulipofika, kitenge kipya alichoshonea sherehe kilikuwa kimejaa utomvu wa ndizi, na wewe Shangazi unajua utomvu hautoki. Akanishukuru kwa safari, akaingia ndani.

Ningepona, lakini kesho yake kwenye sherehe mteja mmoja wa Frednand, tayari amechangamka, akamwambia mama mkwe mbele za watu, "Bibi, siti yako iko salama pale kilabuni, tunaikalia kwa zamu!" Watu walicheka. Priscila hakucheka. Jumatatu mama mkwe akaondoka kwa basi, Priscila na Happy wakaondoka naye kwa kuwa shule zimefungwa, na neno aliloniachia ni kwamba watarudi siku mama yake atakapofuatwa na gari lenye siti.

Frednand naye anasema zege limeshashika na wateja wamezoea. Nimefikiria nimfungie mama kiti cha plastiki kwa kamba, au nitandike godoro, au nimwombe padri amshawishi akae mbele kwa kuwa haya mambo ya kukwepana ni ya zamani. Nampenda mke wangu, Shangazi, nyumba imepoa, ugali ninaosonga hata kuku wanauangalia kwanza. Nifanye nini nisimkose Priscila, na mzigo wangu nao usikwame?

Desderius, Bugarama, Ngara.

*

Marahaba, Desderius. Nisikufiche, pale ulipopiga honi peke yako nilicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Nilipofika kwenye kitenge nikaacha kucheka.

Kutafuta nafasi ya mzigo si kosa, mkulima anayeona ndizi zake zinaoza lazima atahangaika, na hapo niko upande wako. Lakini mkeo alikwambia mapema, kwa upole, ukamcheka. Kisha ukamdanganya. Kisha ukampakia mama aliyekuzalia mke pamoja na mikungu. Na bado unaniuliza habari za kiti cha plastiki! Kwenye barabara ile yenye malori, ukikanyaga breki ghafla, mama wa watu atakuja mbele na kiti chake na kamba yake. Mtu hakai kwenye gari pasipo na siti iliyofungwa na mkanda, awe mama mkwe au awe nani. Hilo nisilisikie tena.

Na padri mwache na misa zake. Unasema desturi ni ya zamani, mbona hukuiona ya zamani ulipokuwa unageuza kioo? Imezeeka Jumamosi ile tu? Mama Scholastika alikuheshimu mpaka akaharibu nguo yake ya sherehe, na hakukutolea neno moja baya. Wewe unamtafutia godoro. Aibu, baba!

Sikiliza sasa. Kesho asubuhi chukua nyundo na tindo, nenda kwa Frednand kabla wateja hawajajaa, uvunje hilo zege mwenyewe. Akinung'unika, mwachie zile siti ndogo za nyuma kabisa, hizo hazina mtu. Ya katikati iondoke. Ioshe kwa sabuni mara mbili, harufu ya pombe isibaki, kisha mpelekee fundi anayejua kazi aifunge na kukagua bolti na mikanda. Ukiwa hapo mwombe akuonyeshe jinsi siti hiyo inavyokunjika. Ndiyo, Desderius, inakunjika! Ulitoa kwa spana kitu ambacho mkono ungetosha. Siku ya gulio ikunje, itaingia mikungu ishirini hivi, inayobaki rudi kuichukua. Siku ya watu ikunjue.

Nunua kitenge kizuri, usimpe mama mkononi, mpitishie Priscila. Na Priscila mwambie ukweli wote, kuanzia kwa fundi wa uongo, bila kumsingizia Frednand.

Halafu nenda Nyakahura ukiwa umevaa shati safi, bila ndizi hata moja garini. Usihutubie. Fungua mlango wa nyuma, rudi ukae kwenye usukani, tazama mbele, unyamaze. Ukisikia mlango umefungwa, washa gari. Umesamehewa.