Jicho la Kushoto la Kaka Amini

Kaka Amini,

Leo asubuhi nimefunga duka, nikazunguka Kaloleni bila safari yoyote, nikarudi nikalifungua kabla chai yangu haijapoa. Sasa nimekaa nyuma ya mashine ya kopi na karatasi hii, na sijui kama nitaimaliza. Tangu presha ikuchukue situlii mahali. Nikiwa hapa nataka niwe Ngarenaro, nikifika Ngarenaro nasimama barabarani najiuliza nimefuata nini. Wateja wanalalamika. Wiki iliyopita mama mmoja alinipa cheti cha mtoto nitoe nakala, nikakiweka kwenye mkoba wa kamera nikatoka nacho.

Nina hasira na wewe, kaka, na nitakuambia kwa nini.

Siku ya kukuzika pale Nkoaranga, binamu yako alitangulia mbele ya jeneza na picha yako kwenye fremu, kama tunavyofanya. Na picha yenyewe ilikuwa ya pasipoti. Niliipiga mimi, hapa hapa dukani, mbele ya kitambaa cha bluu, ulipokuwa unaomba pasipoti kwa ajili ya safari ya Nairobi ambayo hukwenda. Masikio yote mawili yanaonekana, mdomo umefungwa, macho mbele, kila kitu kama nilivyokuamuru. Wakaikuza mpaka ikawa kubwa kama sinia. Watu waliokujua tangu unabebwa mgongoni walikuwa wanaitazama, kisha wanatazamana. Ulionekana kama mtu aliyekamatwa akaambiwa asiongee. Nami nilisimama nyuma ya kwaya, najua ni kazi ya mikono yangu, natamani ardhi inifiche.

Nusu ya mji huu umeipiga picha. Wewe mwenyewe hukuwa nayo hata moja.

Baada ya matanga mama yako aliniita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanishika mkono na hakuuachia. Akasema, "Yule mliyemweka kwenye fremu hanioni. Mwanangu akikutazama, unajua umetazamwa. Nitafutie yule." Familia ilikuwa imekubaliana kujengea kaburi mvua zikiisha, na kuweka kigae chenye sura yako chini ya msalaba. Mama akawaambia wazi, kama ni ile ya pasipoti, basi kisiwekwe kitu chochote. Kisha dada yako akanikabidhi mkoba wako. Kamera yako ndogo, ile ya kisasa isiyo na kioo cha kuakisi ndani, na lenzi zako tatu: fupi uliyoizoea, ndefu uliyoidharau, na ile kuukuu ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono mpaka unachokilenga kitoke wazi, uliyokuwa ukiifuta kwa shati lako huku ukinikataza mimi nisiifute kwa gauni langu.

Subiri kidogo, kuna mteja.

Nimerudi. Alitaka bahasha tu.

Nilianza na kamera, nikaenda kwenye kompyuta yako. Nimeona watu wote isipokuwa wewe. Mama wa ndizi akijifunga kanga upya. Fundi viatu akipima soli kwa macho. Maua ya jakaranda yamelala juu ya boneti ya gari la watu. Mbuzi kapanda ngazi za ofisi kama ana miadi. Mimi nacheka, mimi nimekasirika, mimi nimelala juu ya kaunta mdomo wazi, hiyo sitakusamehe. Nilipitia folda moja baada ya nyingine nikitafuta walau kivuli chako.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mimi nilikupiga! Kila Jumamosi, tukimaliza mzunguko wetu, tukikaa kwenye ile benchi ya chai ya maziwa Kaloleni, ulikuwa unanipa kamera na ile lenzi ya chuma, unaniambia nilenge jicho lako. Nazungusha, nazungusha, nabonyeza. Unaichukua, unaikuza, unatikisa kichwa. "Umepiga sikio, Bibi Pasipoti." Unaifuta picha. Jumamosi nyingine, "Leo umepiga kola. Kola imetoka safi sana." Unafuta. Nilikuwa nacheka na wewe. Laiti ningejua, ningekunyang'anya nikimbie nayo mpaka Njiro. Ungeniachia hata hilo sikio, kaka.

Unakumbuka ulivyonianza? Ulikuja kuchapisha picha, ukaangalia kitambaa changu cha bluu, ukaniuliza kama huwa nawaona watu ninaowapiga. Nikakasirika. Nikakujibu kwamba nawaona vizuri, ninawaambia hata wanyooshe shingo. Ukacheka mpaka ukajishika kiuno. Jumamosi iliyofuata ukanipitia asubuhi, tukatembea. Mlima Meru siku hiyo ulikuwa wazi mpaka kileleni, mimi nikauelekezea kamera, wewe ukanishusha mkono. "Mlima hauendi popote. Yule mama wa ndizi anaondoka sasa hivi." Tangu hapo nikawa sina Jumamosi nyingine duniani ila hiyo ya kutembea nyuma yako, nikikusikia unasalimia kila mtu kabla hujanyanyua kamera. Nilikuwa na furaha, Kaka Amini. Sikuwahi kukuambia kwa sababu tulikuwa tunataniana tu.

Jambo moja ulilonifundisha nililishindwa kabisa. Kamera yako ina kile kitundu cha kuchungulia pembeni, kwenye kona, kwa hiyo ukiweka jicho la kulia, nusu ya uso inabaki nje. Ukasema, "Usifumbe la kushoto. La kulia linatazama picha, la kushoto linamtazama mtu. Ukilifumba umemwacha peke yake." Nilijaribu. Nikiyafungua yote mawili naona dunia mbili, na kizunguzungu juu yake. Nikawa nafumba ukigeuka.

Basi nikabeba mkoba, nikapita njia yetu yote naulizia. Kila mtu ana picha uliyompiga, hakuna mwenye yako. Yule mzee Mhindi wa duka la vitambaa ameitundika ya kwake juu ya kalenda, akanionyesha. Mama wa ndizi alisema, "Kwani yeye hatukumpiga? Jamani, sisi watu gani?" Nikawa nauliza hata watu ambao najua hawakukufahamu. Bodaboda mmoja alidhani natafuta mume aliyetoroka.

Nilimpata Fundi Shabani siku niliyokuwa nimekata tamaa. Yule wa kuchomelea mageti Ngarenaro, uliyemfuata kwa ajili ya cheche. Akaweka chini miwani yake myeusi, akasema, "Mbona ninayo? Siku ile alikuwa ananipiga, na mimi nikachomoa simu nikampiga. Nikamwambia ngoma droo." Akaitafuta kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kidole kinaacha masizi kila mahali. Nikaona kamera. Kamera imejaa katikati ya picha, mkono wako, kofia yako. Nikamshukuru, akanitumia, lakini moyoni nilisema hii ni picha ya kamera. Nitampelekea mama mwenye huzuni picha ya mashine?

Nikaifungua hapa dukani kwenye kompyuta, nikaikuza taratibu. Kamera imefunika upande mmoja wa uso wako. Upande wa pili uko nje wote, na jicho la kushoto liko wazi, linamtazama Shabani. Linacheka. Ni wewe. Nilikuwa na wateja wawili wamesimama hapo mbele, nililia hivyo hivyo nao wakaondoka polepole bila kudai kopi zao.

Nilipopanda Nkoaranga na nakala niliyoichapa nilikuwa naogopa. Shangazi zako walisema hapana, mtu gani anawekewa uso nusu kaburini. Mama akaichukua ile karatasi, akatoka nje kwenye mwanga, akasimama pale penye kahawa, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kitu kwa Kimeru, na dada yako akashindwa kunitafsiria mara moja. Alikuwa amesema, "Huyu ananiona. Sasa mwambieni ashushe hiyo mashine, apumzike."

Shangazi zako wakarudi jikoni.

Kaburi limejengewa Jumamosi iliyopita. Kigae kimekaa vizuri, Shabani mwenyewe ndiye aliyetengeneza msalaba wa chuma na alikataa kusaidiwa kuubeba. Kulikuwa na mtori, kulikuwa na kwaya, na mlima ulikuwa wazi na sikuupiga. Nilimpiga mama yako. Nilifunga ile lenzi ya chuma, nikamsalimia kwanza kama ulivyokuwa unafanya, nikanyanyua kamera, na jicho la kushoto nikaliacha wazi. Dunia zilikuwa mbili kama kawaida, na zote mbili zilikuwa na machozi. Lakini mama alinitazama, na nilimwona akinitazama. Nimeangalia ile picha. Nimepiga kitambaa cha kichwa. Jicho lina ukungu.

Sikuifuta. Hiyo ya kufuta sitaifuata tena, unisamehe.

Sasa nakuaga, kaka, maana foleni imefika mlangoni. Bado sijatulia na sidhani nitatulia karibuni, lakini walau najua Jumamosi nakwenda wapi. Nakuahidi kitu kimoja. Kila nitakayempiga, nikimaliza, nitamvisha mkanda wa kamera shingoni, nitasimama mbele yake, nitamwambia na yeye anipige. Mama wa ndizi, Shabani, yeyote. Asije mtu akazunguka mji huu kunitafuta mimi kama nilivyokutafuta wewe. Na wakipiga sikio, sikio litabaki.

Lala salama, Kaka Amini. Umeshashusha kamera, pumzika.

Mimi,
Bibi Pasipoti wako