Tablo ya Mama Feza

Lusangi, Alhamisi

Nimeitoa mwenyewe tablo, ule ubao mweusi wa darasa la wamama ninalofundisha, hakuna aliyenilazimisha. Mbao za sanduku zilikosekana kijijini kote, na Mama Feza alipaswa kuzikwa leo.

Juu ya tablo kulikuwa bado na jina lake kwa chaki. Aliliandika Jumanne bila kusaidiwa, akacheka kama mtoto. Fundi aliyetengeneza sanduku alitaka kulipangusa. Bwana ya Mama Feza akamwambia, “Acha. Geuza kwa ndani, abakie nayo.”

Nilitoka makaburini nikijua darasa limekwisha. Mama Zaina, aliyekaa benchi moja na Mama Feza, akanishika mukono. “Mwalimu, kesho mukuje kwangu. Ukuta iko, nimeipakaa udongo mweusi.”

Nitaenda. Lakini kwenye ile benchi atakaa peke yake.