Nilipolifunga Grupu la Kiuyu

Jumatano, baada ya isha

Jana nililifunga grupu la simu la kijiji chetu, Kiuyu, sisi viongozi wake tu tuandike, maana watu walikuwa wakitukanana juu ya zamu za maji. Nikajiona nimeleta amani.

Leo Bi Time, jirani yangu, kanijia. Alfajiri bintiye alishikwa na uchungu, naye Bi Time akataka kuomba gari grupuni.

"Nilijaribu kuandika, mwanangu, ikakataa. Nikadhani mmenitoa."

Alimpeleka kwa gari la ng'ombe. Mtoto kazaliwa njiani, mzima alhamdulillahi. Mamake yuko hospitali, damu haijakatika.

Sikujua kwamba nikiwanyamazisha wagomvi, namnyamazisha na mwenye shida.

Nimelifungua. Matusi yamerudi papo hapo. Nayasoma yote, nikingoja Bi Time aandike hali ya bintiye.