Kindege cha Kiti Kimoja

Jumapili, mwezi wa nne, alasiri. Jua lipo, lakini upepo ni wa kusukuma, unatoka magharibi. Zamani nilikuwa nachungulia nje kujua kama nivae koti. Siku hizi natazama bendera ya duka la matairi ng'ambo ya barabara, napima upepo, halafu najifanya naangalia gari langu.

Sijatulia tangu tulipotoka kanisani. Nimekaa, nimesimama, nimekunywa chai mara mbili bila kuisikia. Ngoja niandike. Pengine mikono itatulia kwanza, mengine yafuate.

Mambo yalianza kwa Dale. Dale ni Mmarekani ninayefanya naye kazi kwenye ghala, yeye anaendesha foklifti, mimi napanga maboksi. Anaamini kwamba siku moja, tena haiko mbali, umeme utakatika, maduka yatakuwa matupu na barabara zote zitajaa magari yasiyosogea. Ana maji ya miezi na maharage ya miaka. Wako kama kumi na wawili wenye imani hiyo, wanakutana kila Jumamosi kwenye shamba moja upande wa pili wa mto, Indiana, na wanajiandaa. Ukiwauliza wanajiandaa kwa kitu gani hasa, kila mmoja ana chake.

Siku Dale aliposikia kwamba mimi nilikimbia vita mara tatu kabla sijafika miaka ishirini, alinitazama kama mwanakwaya anavyomtazama mtu mwenye kinanda. Akanialika nikawaeleze wenzake.

Nilikuta wamekaa na daftari. Wakauliza nilibeba nini. Nikasema sufuria, chumvi, na karatasi za shule za baba. Mmoja akauliza sufuria ya aina gani. Nikamwambia ile iliyokuwa jikoni. Akaandika.

Siku ile nilipaswa kurudi nyumbani na kicheko changu, basi. Lakini walifungua banda la nyasi wakanionyesha chombo cha kukimbilia cha Dale, na kicheko kikaniisha.

Ni mabomba ya alumini, kitambaa kilichovutwa kikakaza, kiti chembamba kama vile vya plastiki vya harusini, na injini ndogo nyuma ya kisogo chako inayolia kama mashine ya kukata majani. Mlango hakuna. Kioo hakuna. Ndege nyepesi, wanaiita, na sheria ya hapa inakuruhusu kuirusha bila leseni yoyote, mradi iwe na kiti kimoja, isibebe mafuta zaidi ya galoni tano, isiruke gizani wala juu ya mji. Toyota yangu, yenye milango minne na mikanda, niliifanyia mtihani mara tatu.

Nilianza kujisomea kwenye simu wakati wa mapumziko. Shule niliiacha njiani, kwa maana halisi ya neno njiani, lakini simu haiulizi cheti. Nikajua upepo gani unabeba na upepo gani unaangusha. Nikachora safari: kutoka hapa Louisville mpaka Columbus kwa kaka yangu Josué, natua mashambani kuongeza mafuta. Kutoka Columbus mpaka Buffalo kwa dada yetu mdogo, Esther, vituo vinne au vitano, ziwa likibaki mkono wa kushoto. Esther ana nyumba ya mbao mtaa wa West Side, ya zamani, inalia upepo ukivuma, lakini ina nafasi.

Nikampigia Josué, ambaye Kifaransa cha kwetu hakijamtoka mdomoni.

"Bon, ukifika huku utatua wapi? Kwenye parking ya kanisa?"

"Kuna mashamba nje ya mji."

"Na polisi akikukuta hapo shambani, donc, utamwambia nini? Kama vita imeanza Louisville?"

"Nitamwambia nimekuja kukusalimia."

"Basi upige simu mbele. Mke wangu hapendi wageni wa ghafula."

Kuna kasoro moja ambayo sikumwambia. Ili nikifikie kindege, lazima nivuke daraja. Daraja lenyewe ndilo litakalojaa magari yasiyosogea. Yaani natoroka foleni kwa kupanga foleni. Dale anaishi hukohuko karibu na shamba, kwake hesabu inakaa vizuri.

Sasa niungame. Tangu mwezi wa kwanza, kila Jumamosi nimekuwa nikimwambia mke wangu, Neema, kwamba naenda ovataimu. Mwalimu mmoja wa kurusha ndege, rafiki wa Dale, alikuwa ananizungusha kwenye ndege yake ya mafunzo, yenye viti viwili. Na jana, kwa mara ya kwanza, niliruka peke yangu, kwenye kile kindege cha Dale. Nilizunguka shamba mara tatu nikashuka. Nilitua kwa kurukaruka kama chura, lakini nilitua. Dale akanipiga bega. Anajitengenezea kingine, hiki cha zamani anataka kiwe changu. Anangoja jibu kesho kazini.

Leo asubuhi tulikuwa tunapeleka sufuria za chakula kanisani. Neema akafungua buti ya gari kabla yangu. Akaitoa helmeti yangu ya kurukia, akaigeuza, akatazama ndani kama anatafuta jina la mwenyewe.

"Hii ndiyo wanavaa kwa ovataimu?"

Ibada nzima sikusikia neno. Tuliporudi aliiweka mezani jikoni, katikati ya vitunguu, akaendelea kukoroga sombe, kisamvu chetu. Nikamweleza yote. Dale, shamba, sheria, galoni tano, ziwa mkono wa kushoto. Nilieleza vizuri, nadhani. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Iko na viti ngapi?"

"Kimoja."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Wasiotoka kwetu milimani, Kivu ya Kusini, inabidi niwaeleze hapa. Habari mbaya zilipokuwa karibu, kila familia iligawana watu. Chakula kikiisha kuliwa, baba anasema: wewe unamchukua huyu, wewe yule. Hakuna aliyebaki bila mtu, hata mtoto alipewa mtoto. Risasi zikilia huulizi wengine wako wapi, unamkamata wako na kwenda. Mimi nilipewa Esther. Nilimbeba mgongoni siku tatu, nikamwangusha mara moja, na mpaka leo anaitaja ile mara moja. Ndiyo maana hatukupotezana. Wale walionihoji na daftari hawakuniuliza hilo. Na mimi, naona aibu kuandika, sikukumbuka kuwaambia. Niliwaambia habari za sufuria.

Neema hajasahau. Yeye pia ni wa kule. Alipunguza moto, akafuta mikono, akaanza kugawa watu wa nyumba yetu, watoto watatu na mama yangu, kwa sauti ileile ya kupanga nani ataoga kwanza.

"Bon. Mkubwa anatembea mwenyewe. Wa kati namushika mukono. Kadogo kanakaa mugongoni. Mama yako, na ile magoti yake, namuvuta na kiti cha magurudumu, kama njia iko nzuri." Akaniangalia. "Donc miye niko na batu bane. Na weye? Ulipewa nani?"

Nilitaka kusema kwamba ningetangulia kutafuta njia, kisha nitume watu wawafuate. Hata Dale angeona hiyo haina miguu.

"Sikupewa mtu," nikasema.

"Hapana. Ulijipa weye mwenyewe."

Akarudi kwenye sombe.

Hili linalofuata sikumwambia, na sijui kama nitamwambia. Jana nikiwa juu, mzunguko wa pili, niliona mto wote, na ule mji ninaoamkia kila siku umelala ng'ambo yake kama kitu cha mtu mwingine. Sikumwogopa yeyote. Sikumkumbuka yeyote pia. Mama, Neema, watoto, hakuna aliyenijia kichwani. Mara tatu nilizokimbia maishani nilikuwa na mzigo, na jana nilikuwa sina. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliimba.

Kumbe sikuwa natafuta njia ya kukimbia hatari. Nilikuwa natafuta jinsi ya kukimbia nikiwa mikono mitupu.

Baada ya kula nilimfuata Neema kwenye sinki nikamwambia, nipe mama.

"Utamushusha ngazi?"

"Nitamshusha."

"Haya. Tuone."

Chumba cha mama kiko juu, na ngazi zetu ni nyembamba, kumi na nne. Mama alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni tayari. Nyumba hii haina siri, inaonekana mimi tu ndiye niliyeamini inazo.

"Neema ananipima kwa kiti cha magurudumu," akasema. "Kwa ngazi? Atanimwaga kama maji."

Nikainama, akanishika shingo. Mama yangu ni mtu mzima kwa kila kipimo. Ngazi ya kwanza ilipita. Ya pili goti la kushoto likauliza swali. Ya tatu nikaegemea ukuta, picha ya harusi ikapinda, na binti yetu mkubwa akasema kutoka kwenye kochi, kwa Kiingereza, bila kuinua macho kwenye simu, kwamba hiyo si salama.

"Weye, unitue," mama akaninong'oneza sikioni. "Utaniua mbele ya vita kufika."

Nikamkalisha kwenye ngazi ya tatu, nikakaa pembeni yake kuvuta pumzi. Neema alikuwa chini, amesimama na kitambaa cha vyombo begani. Hakucheka, lakini aligeuza uso upande kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akatuletea maji, glasi mbili, akarudi jikoni. Sijui kama huo ni msamaha. Nimeyanywa.

Kesho nitamwambia Dale hapana. Atauliza kwa nini, na nitamweleza habari za kugawana watu, ambazo ningemweleza siku ya kwanza kama ningekuwa mtu kamili. Ana mke, na sijawahi kumsikia akisema mke atakaa wapi.

Siandiki kwamba hamu imeisha. Haijaisha. Miguu yangu inachezacheza chini ya meza ninapoandika haya, inatafuta pedali.

Lakini kesho nikitoka kazini, kabla ya kula, nimekubaliana na mama tujaribu ngazi ya nne. Ameahidi kupunguza ugali. Simwamini.