Mama, Ulikuwa wa Ofisi Ipi?

Mama yangu,

Kamwene. Kalamu bado inanipiga chenga, ni darasa la watu wazima tu limenifikisha hapa, basi nisome hivyo hivyo.

Unakumbuka tulivyohamishwa kutoka Kilolo? Lori lilitumwaga kijiji kipya, ukakaa juu ya furushi lako, miguu imevimba, unauliza moto utawashwa wapi. Kiongozi wa uhamisho akakuambia, "Bibi, usihofu. Wazee sasa ni wa serikali."

"Hee! Uzeeni huu napata mume!" Ulicheka mpaka ukakohoa.

Miguu ilipoanza kutoa maji, baba watoto na shemeji wakakubeba kwa machela ya mianzi hadi ofisi za kata. Mimi nyuma nashikilia blanketi, naogopa baridi isikuingie kifuani. Tulitaka landrova tu, ikufikishe hospitali Iringa. Nayo ilikuwepo, imesimama uani.

Bwana Afya alikutazama bila hata kuinama. "Huu ni uzee, si ugonjwa. Mpelekeni kwa Bwana Maendeleo."

Bwana Maendeleo, mlango wa pili, akasema, "Miguu hii? Mgonjwa huyu! Gari langu ni la kazi."

Wakabishana juu ya kichwa chako, wako huyu, si wangu, mpaka ukasema, "Wanangu, kama sina mwenyewe, nipigeni mnada."

"Nani atanunua ng'ombe asiye na meno?" akasema Bwana Afya. Wakacheka, nawe ukacheka nao. Kisha wakapanda landrova ile ile, wote wawili, wakaenda kula.

Ulitutoka njiani tukikurudisha nyumbani, kwenye mlima. Nilijua kwa sababu uliacha kuniuliza kama watoto wameshakula.

Msibani mabwana wale wawili walikuja, wakakaa benchi moja. Bwana Maendeleo akasimama: "Tumempoteza mzee wetu." Wetu! Ndiyo kwanza ukapata wenyewe, mama, ukiwa umelazwa chini. Ugali wao niliunyanyua mbele yao nikawamwagia mbwa. Shangazi ananuna hadi leo.

Sasa mama mkwe naye miguu imeanza. Kila asubuhi naibonyeza, vidole vinaacha shimo. Nimekwenda kuuliza, wamenionyesha milango ile ile miwili.

Kesho tunambeba. Nitalala mbele ya gari lao mimi mwenyewe. Wakae kwanza, wakubaliane ofisi ipi itanikanyaga.

Jifunike huko uliko, mama. Wajukuu wamekula.

Ni mimi,
binti yako wa mwisho