Mlio wa Pili

Neema mjukuu wangu,

Hapa Alby, huku Ulaya, sote tu wazima. Mama yako bado anawahi treni ya asubuhi kwenda kufanya usafi uwanja wa ndege. Barua yako nimeisoma nikapandwa na hasira, ila si wewe uliyeniudhi.

Unauliza kama naikumbuka siku ya king'ora. Naikumbuka sana! Tulikuwa na miezi miwili tu tangu tukimbie vita Burundi. King'ora cha jiji kikalia mchana, nikakubeba wewe na sufuria ya maharagwe, mbio hadi chumba cha kufulia kule chini. Jirani alikuwa anakunja mashuka. Akaniambia ni majaribio tu, nisubiri. Kweli, ukaja mlio wa pili, mrefu, wa kusema hatari imekwisha. Mimi nikatetemeka hadi jioni.

Habari ikawafikia wazee wa kanisa, na Jumapili wakanisimamisha mbele za watu, wakasema hofu ile ni upungufu wa imani. Nami nikakubali! Nikaomba msamaha, Neema, kwa kutetemeka.

Leo unaniambia huko maabara kwenu mnaona kwa panya kwamba seli za ubongo zikizidiwa huacha kazi zake ili zijilinde, na zikikaa hivyo muda mrefu, wasiwasi hubaki hata hatari ikiondoka. Kumbe nilihitaji mtu wa kunipigia mlio wa pili, wao wakanipa toba.

Jumapili hii nasimama tena pale mbele, bila kuitwa. Msamaha safari hii wataomba wao.

Ni mimi bibi yako, ambaye imani yake haikupungua siku ile hata kidogo.